Mwongozo wa kutengeneza apu ya simu ukiwa peke yako, na kuiboresha ikishafika Play Store

Nimeandika hii kwa sababu maswali ya wanaoanza ni yale yale kila wiki: nianze na lugha gani, akaunti ya Google bei gani, mbona apu yangu haionekani Play Store na nimeshaipandisha, mbona watu wameanza kulalamika baada ya apdeti. Majibu yapo, ila yametawanyika, na mengi yameandikwa kwa watu wenye timu ya watu kumi na intaneti isiyokatika. Hapa naongea na wewe uko peke yako, laptop moja, bando la kununua, na watumiaji wako wengi wana Tecno au itel ya RAM ndogo.

Ili tusiongee hewani nitatumia mfano mmoja mpaka mwisho: apu ya daftari la madeni ya duka. Lile daftari la kukopesha kila mtu analijua, kwa hiyo hamna haja ya kueleza. Ukielewa hatua kwa mfano huu utazihamishia kwenye apu yako yoyote.

Nimechagua Android maana ndiyo simu walizonazo watu wetu wengi, na akaunti yake ya kutolea apu unalipia dola 25 mara moja tu. Ya Apple ni dola 99 kila mwaka na kwa njia ya kawaida unahitaji Mac. Anza na Android, iPhone itakuja yenyewe kama apu ina watu.

Unavyohitaji kabla hujaanza

- Laptop yenye RAM ya GB 8 na diski ya SSD. Android Studio, programu ya Google ya kutengenezea apu, inafunguka kwa GB 8 ila usiwashe emuleta (simu ya kuigiza ndani ya laptop), itakuchosha. Ukipata 16, shukuru.
- Simu ya Android halisi na waya wake wa USB. Ikiwezekana iwe ya bei ndogo kama za watumiaji wako, siyo ile kali ya kuazima.
- Kadi ya benki ya Visa au Mastercard iliyofunguliwa kufanya malipo ya mtandaoni, jina lake lifanane na kitambulisho chako. Kadi za kujaza pesa kabla hazipokelewi kulipia akaunti hii, na watu wengi wanakwama hapa hapa.
- Kitambulisho cha taifa au pasipoti, Google watakitaka kukuhakiki.
- Akaunti ya GitHub, mahali pa kutunza msimbo (code) mtandaoni. Hifadhi ya siri ni bure, hamna sababu ya msimbo wako kukaa kwenye laptop moja tu.
- Watu 12 na zaidi wenye Gmail watakaokubali kukujaribia apu. Anza kuwatafuta leo, utaona kwa nini kwenye hatua ya 6.

1. Andika kazi moja ambayo apu itafanya

Sentensi moja. "Mwenye duka anaandika deni la mteja ndani ya sekunde chache na anaona nani anadaiwa kiasi gani." Basi. Hakuna stoo, hakuna risiti, hakuna faida na hasara, hakuna kuchati. Kila mtu utakayemwambia atakushauri uongeze kitu, wasikilize, andika pembeni, usiongeze. Apu nyingi za mtu mmoja mmoja zinafia hapa, mtu anajenga miezi na miezi vitu ambavyo hakuna aliyeviomba halafu anachoka kabla hata mtu mmoja hajaishika.

2. Chagua lugha moja, andaa mazingira

Kotlin na Android Studio kama unalenga Android peke yake, au Flutter, ambayo msimbo mmoja unatoa apu ya Android na ya iPhone, kama una uhakika unataka na iPhone baadaye. Zote nzuri. Mimi kwa anayeanza leo na simu za bei ndogo akilini nasema Kotlin, maana apu inatoka nyepesi na maelezo yote ya Google yanaanzia huko. Ukishachagua usirudi nyuma kila ukiona video mpya.

Kwenye simu nenda kwenye taarifa za simu, gusa Build number mara 7, chaguo za divelopa zitafunguka, washa USB debugging ili laptop iweze kuweka apu kwenye simu, chomeka waya. Kuanzia Android 11 unaweza hata kuunganisha kwa Wi-Fi bila waya.

Mradi ukiuliza toleo la chini kabisa la Android, weka Android 7, yaani namba 24. Mara ya kwanza Android Studio itapakua vitu vingi sana, kwa hiyo fanya hiyo kazi mahali penye Wi-Fi, usije ukamaliza bando la mwezi asubuhi moja.

3. Jenga ikifanya kazi bila intaneti

Taarifa zikae kwenye simu kwanza. Kwa Kotlin tumia Room, maktaba ya Google ya kuhifadhi taarifa, ambayo chini yake ni SQLite, hifadhidata inayokaa ndani ya simu. Habari ya seva ije baadaye sana, na inaweza isije kabisa. Duka likiwa mahali mtandao unayumba, apu inayozunguka zunguka kusubiri seva mteja amesimama dirishani itafutwa siku hiyo hiyo.

Mambo matatu uyaweke sawa tangu mwanzo, maana kuyarekebisha baadaye ni maumivu:

Pesa hifadhi kama namba kamili (Long), kamwe usitumie Double, aina ya namba yenye desimali. Namba za desimali za kompyuta hazishiki senti sawasawa, ukijumlisha madeni mengi utakuta jumla imepishana na mwenye duka hatakuamini tena.

Maneno yote ya kwenye skrini yakae kwenye faili la strings, usiyaandike ndani ya msimbo. Hata kama apu ni ya Kiswahili tupu. Siku ukitaka kubadilisha "Hifadhi" iwe "Weka" utafurahi.

Saa. Ukiweka kikumbusho halafu skrini ikaonyesha 2:00, nusu ya watu wataelewa saa mbili na nusu wataelewa saa nane. Andika "saa 2 usiku" au tumia 20:00, na uwe na mpango mmoja apu nzima.

4. Mpe mtu mmoja aitumie, wewe nyamaza

Usimpe rafiki yako divelopa. Mpe mama mwenye duka. Nenda pale jioni wateja wakiwa wengi, mkabidhi simu, mwambie "mama, mwandikie huyu deni", halafu funga mdomo. Usimwelekeze. Angalia kidole kinakwenda wapi kwanza. Utaona mambo ambayo hukuyawaza: mkono mmoja umeshika mfuko wa sukari kwa hiyo anabonyeza kwa dole gumba tu, na kitufe chako cha kuongeza umekiweka juu kabisa kwenye kona. Anatafuta mteja kwa jina la "Mama Asha" na wewe umelazimisha jina la kwanza na la ukoo. Anaandika 2500 na kibodi iliyofunguka ni ya herufi. Anamaliza kuandika, hajui kama imehifadhiwa, anaandika tena, deni linakuwa mara mbili.

Kila kimoja kati ya hivyo ni marekebisho ya dakika chache na kina faida kuliko rangi mpya au nembo mpya. Rekebisha, rudi kesho yake, angalia tena. Ukiona anaandika deni bila kukutazama usoni, nenda hatua inayofuata.

5. Fungua akaunti, linda ufunguo wa saini

Fungua akaunti ya Play Console, tovuti ya Google ya kusimamia apu zako, lipa zile dola 25, pandisha kitambulisho. Ujue kwamba akaunti binafsi inaonyesha hadharani jina lako la kisheria na nchi yako, na ukianza kuuza kitu ndani ya apu inaonyesha mpaka anwani kamili. Amua mapema utatumia anwani gani.

Halafu tengeneza ufunguo wa kusaini (faili la .jks linalothibitisha kwamba apu imetoka kwako) na nenosiri lake. Tafadhali sana: nakala mbili, sehemu mbili tofauti, na usilipandishe GitHub pamoja na msimbo. Tangu Agosti 2021 apu mpya inapandishwa kama App Bundle, faili la .aab, siyo .apk, na Google wenyewe ndio wanaweka saini ya mwisho. Ufunguo ulionao wewe ni wa kupandishia tu, hiyo itakuokoa siku ukiupoteza, nitaeleza chini.

6. Majaribio ya watu 12 kwa siku 14

Hapa ndipo pana malalamiko mengi kuliko kote. Kama akaunti yako ni binafsi na imefunguliwa baada ya tarehe 13 Novemba 2023, huwezi kutoa apu kwa watu wote mpaka ufanye kwanza majaribio ya "Closed testing" yenye watu wasiopungua 12, waliojiunga kwa siku 14 mfululizo. Mwanzoni walikuwa 20, wakapunguza.

Mtu anahesabiwa akiwa yumo kwenye orodha yako ya Gmail, amefungua linki ya mwaliko, amekubali, na amebaki. Kumtumia apk kwa WhatsApp hakuhesabiki. Na ile Gmail iliyo kwenye orodha ndiyo hiyo hiyo iwe kwenye Play Store ya simu yake, wengi wana Gmail mbili na hawajui wanatumia ipi. Chukua watu 16 au 18, kuna watakaobadilisha simu au kujitoa katikati.

Usinunue wajaribuji wa kukodi. Wanasakinisha, wanakaa siku 14 bila kufungua, halafu ukiomba ruhusa ya kutoa apu unaulizwa ulipata maoni gani na ulirekebisha nini, hapo huna la kuandika na unaambiwa urudie. Tumia wenye maduka halisi, andika kila wanachosema na tarehe, toa apdeti moja au mbili ndani ya hizo wiki mbili. Hayo ndiyo majibu yako.

7. Ukurasa wa Play Store na fomu zake

Jina herufi zisizozidi 30, maelezo mafupi 80, marefu 4000. Ikoni pikseli 512 kwa 512, bango 1024 kwa 500, na picha za skrini angalau mbili. Kwenye jina weka kile mtu atakachoandika akitafuta: "Daftari la Madeni ya Duka" linapatikana, "DebtoPro" halipatikani na mtu wa Kiswahili.

Fomu ya usalama wa taarifa ijaze kwa ukweli, ukumbuke hata vifurushi vya matangazo na vya kuripoti hitilafu vinakusanya taarifa, kwa hiyo "sikusanyi chochote" mara nyingi siyo kweli. Unahitaji ukurasa wa sera ya faragha wenye linki inayofunguka. Apu yetu inashika majina na namba za simu za wateja wa watu wengine, hizo ni taarifa binafsi, na sheria zipo: Kenya ya 2019, Tanzania ya 2022. Zisome, siyo ndefu kiasi cha kutisha.

Onyo kubwa: usiombe ruhusa ya kusoma SMS. Najua unawaza apu isome meseji za M-Pesa ijaze malipo yenyewe, kila mtu anawaza hivyo. Tangu 2019 Google wamebana ruhusa za SMS na kumbukumbu za simu, unatakiwa ujaze tamko la kueleza kwa nini, na anayeanza anakataliwa mara nyingi. Weka sehemu ya kubandika meseji, apu ichambue hayo maandishi. Kazi ni ile ile na huombi ruhusa yoyote.

8. Apdeti bila kuharibu ya watu

Hii ndiyo hatua ninayoijali kuliko zote. Mwenye duka amekuachia pesa yake ndani ya apu yako. Ukimfutia madeni kwa apdeti moja, hajapoteza faili, amepoteza pesa, na hana pa kuidai.

Tuseme unataka kuongeza tarehe ya kulipa kwenye kila deni. Kwenye Room ukiongeza safu lazima upandishe namba ya toleo la hifadhidata na uandike uhamisho (migration), yaani amri ya kugeuza hifadhidata ya zamani iwe ya toleo jipya bila kupoteza kilichomo, kwa mfano kutoka 1 kwenda 2:

ALTER TABLE madeni ADD COLUMN tarehe_ya_kulipa INTEGER

Na kwenye Kotlin hiyo safu iwe Long? yenye alama ya kuuliza, maana madeni ya zamani hayana tarehe. Usipoandika uhamisho apu itajifunga mara tu ikifunguliwa. Ukitafuta mtandaoni utaambiwa uweke fallbackToDestructiveMigration, na kweli kujifunga kunaisha, kwa sababu amri hiyo inafuta kila kitu na kuanza upya! Wakati wa kujifunza sawa, ila kwenye apu iliyo mikononi mwa watu isiwepo kabisa.

Kabla ya kutoa apdeti fanya hivi kila mara: weka kwenye simu toleo la zamani lililo sawa na lililoko Play Store (lijenge mwenyewe kutoka msimbo wake, ili saini ifanane na ya jipya), andika madeni kadhaa, halafu sakinisha jipya juu yake bila kufuta la zamani. Fungua. Hesabu. Watu wengi wanajaribu kwa kusakinisha upya, kila kitu kinapendeza, kumbe hakuna mtumiaji wao atakayepitia njia hiyo.

Pandisha versionCode (namba ya toleo la apu), jenga .aab, na ukitoa usiwape wote kwa mpigo. Play Console inakuruhusu kutoa apdeti kwa asilimia, anza na 10, kaa siku mbili, ukiona shwari panda 50, halafu 100. Kukiwa na tatizo unasimamisha, ila huwezi kuwarudisha waliokwishapata, dawa yao ni toleo jingine lenye namba kubwa zaidi.

Na mapema iwezekanavyo weka kitufe cha kutoa nakala, faili la CSV, linalofunguka kama jedwali, ambalo mtu anajitumia WhatsApp. Android ina bakapu yake ya kwenda Google Drive ya mtumiaji, mwisho MB 25, ila wengi hawajaiwasha, usiitegemee peke yake.

9. Kusikiliza na kuboresha

Weka Firebase Crashlytics, ni bure, inakuonyesha mstari ambapo apu ilijifunga na ni simu gani. Kwenye Play Console angalia Android vitals: ukizidi asilimia 1.09 ya watumiaji wanaofungiwa apu kwa siku, au 0.47 wanaokutana na kuganda, Google wanaishusha apu yako kwenye utafutaji. Angalia na kwa aina ya simu, unaweza kukuta lawama zote zinatoka kwenye modeli moja ya RAM GB 2.

Maoni ya nyota moja yajibu yote, una herufi 350, jibu kwa heshima na ukisharekebisha rudi umwambie toleo namba ngapi limerekebisha. Watu wanabadilisha nyota. Kuomba nyota, tumia dirisha rasmi la Google ndani ya apu, litokee baada ya mtu kumaliza kazi yake, siyo anapofungua mara ya kwanza, na usimtangulizie "unaipenda apu yetu?", hairuhusiwi.

Habari ya pesa kwa kifupi: ukiuza huduma ya kidijitali ndani ya apu unapitia malipo ya Google na wanachukua asilimia 15 kwa dola milioni ya kwanza ya mwaka. Bidhaa za kushikika kama unga na mafuta hazipitii huko, hizo lipisha kwa njia yako. Matangazo kwenye apu ya deni sishauri, skrini ni ndogo na mtu ana haraka.

Mwisho, kila mwaka Google wanapandisha toleo la Android unalotakiwa kulenga. Tangu 31 Agosti 2025 apu mpya na apdeti lazima zilenge Android 15, namba 35. Tenga siku moja kila Julai kwa kazi hiyo, ukiiacha muda mrefu apu inaanza kufichwa kwa wenye simu mpya.

Ikikwama

*Apu inafanya kazi kwangu, ya Play Store inajifunga.* Mara nyingi ni R8, kile kifaa cha kupunguza ukubwa, kimefuta au kubadilisha jina la darasa ambalo maktaba yako inalitafuta kwa jina. Ongeza kanuni ya keep, inayoiambia R8 isiyaguse hayo madarasa, na kuanzia hapo jaribu toleo la release kwenye simu yako kabla ya kupandisha.

*Inasema imeshindwa kusakinisha ("App not installed").* Mtu ana toleo ulilomtumia kwa WhatsApp, saini yake ni tofauti na ya Play Store. Itabidi afute la zamani, na akifuta madeni yanaondoka. Kwa hiyo kwanza atoe nakala, ndipo afute. Ndiyo maana nasema usigawe apk mkononi baada ya hatua ya 4.

*Kikumbusho hakiji.* Kwanza, kuanzia Android 13 lazima uombe ruhusa ya arifa apu ikiwa wazi. Pili, simu nyingi za Tecno, Infinix na Xiaomi zinaua apu za nyuma kuokoa betri. Tumia WorkManager, maktaba ya Google ya kazi zinazofanyika apu ikiwa imefungwa, na weka maelezo mafupi yenye picha ya jinsi ya kuiruhusu apu kwenye mpangilio wa betri.

*Juu ya skrini maandishi yameingia chini ya saa na alama ya betri.* Umelenga Android 15, ambayo inatandaza apu skrini nzima. Acha nafasi kwa kutumia insets za mfumo, yaani vipimo ambavyo simu yenyewe inaiambia apu, usiweke namba ya kubahatisha maana kila simu ina yake.

*Imekubaliwa lakini sioni nikitafuta.* Fungua kwa linki yake kamili kwanza. Ikifunguka, ipo, ni utafutaji tu haujaifikia, subiri siku kadhaa. Isipofunguka angalia kama umechagua nchi, au kama bado iko kwenye njia ya majaribio.

*Nimepoteza ufunguo.* Kama uko kwenye saini ya Google, mwenye akaunti aingie Play Console sehemu ya App signing aombe kubadilishiwa ufunguo wa kupandishia, utatengeneza mpya, utatoa cheti chake kama faili la .pem, utakipandisha na kusubiri wakupe tarehe utakapoanza kufanya kazi. Watumiaji hawataona tofauti yoyote. Huo mpya uweke sehemu mbili siku hiyo hiyo.